Kisahani Katikati ya Meza

Jumamosi moja mwaka 2012, saa saba mchana, nilikuwa katika mkahawa wa Kihispania hapa Johannesburg, ambako chakula huletwa katika visahani vya kula pamoja. Kwenye meza ya jirani walikaa Warundi wawili, dada na kaka yake.

“Kaka, Jumatatu unahamia Kanada,” dada alisema, akisogeza kisahani cha viazi katikati. “Onja hata kimoja, yaishe.”

“Mama ulimzika bila kuningoja.”

“Eish, kaka. Ulikuwa hupokei simu.”

Kaka alimwita mhudumu, akaagiza wali kwenye sahani yake mwenyewe.

Nilidhani ndugu wakila sahani moja ugomvi huisha. Kumbe sharti kwanza wote wawili wanyooshe mkono.

Kaka alimaliza wali, akavaa koti, akaondoka. Dada alivila viazi vyote peke yake.