Kamati ya Jiwe, Mumbuni

Jeremiah Wathome alikuwa fundi cherehani, na pale Mumbuni sauti yake ilijulikana kuliko uso wake. Kila Jumapili baada ya komunyo alisimama mbele ya kanisa dogo la Wakatoliki akasoma matangazo: nani anaoa, nani amefiwa, jumuiya gani itafagia kanisa. Sauti yake ilikuwa nene na tulivu. Watu walisema ukitangaziwa mazishi na Wathome, hata marehemu huridhika. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuwa ndani ya tangazo. Alikuwa ameoa kabla ya kupewa kazi hiyo, binti yake Ndila alifanya kazi Mlolongo na hakuonyesha dalili ya kuolewa, naye mwenyewe alikuwa mzima wa afya.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa mwaka 2025. Wathome alishona sare za shule akiwa na redio juu ya meza, na redio hiyo ilikuwa imeanza kipindi kifupi cha sayansi kabla ya taarifa ya saa saba. Siku moja ya Februari alisikia kwamba kuna jiwe angani, kubwa kama jumba la ghorofa, ambalo huenda likagonga dunia mwishoni mwa mwaka 2032. Wanasayansi walikadiria uwezekano wa asilimia tatu hivi. Mahali ambapo lingeweza kuangukia palikuwa ni mstari mrefu unaopita bahari na mabara, na Afrika ilikuwemo.

Wathome aliondoa mguu kwenye kanyagio. Alikaa na suruali ya mtoto mapajani mpaka kipindi kikaisha.

Jumapili iliyofuata alisoma tangazo la harusi, kisha akasema kwa sauti ileile, "Tangazo la pili. Kuna jiwe linakuja. Si lazima lifike. Likifika, ni Desemba tarehe ishirini na mbili, mwaka wa elfu mbili thelathini na mbili, siku ya Jumatano. Tangazo la tatu. Wenye viti vya kanisa wavirudishe."

Baada ya Misa hakuna aliyekwenda nyumbani. Kamene, muuza nyanya ambaye alikuwa mwenyekiti wa kila kitu chenye mwenyekiti, alimshika Wathome mkono nje ya mlango.

"Fundi, hiyo asilimia tatu, kwetu hapa ni watu wangapi?"

Mtu mmoja akapiga hesabu. Waumini walikuwa kama mia mbili. Basi ni sita.

"Sita," Kamene akasema. "Sasa ni lazima tujue ni akina nani, ndio wajipange mapema."

Wathome alijaribu kueleza kwamba asilimia haigawanywi hivyo, lakini alipoulizwa inagawanywaje, akasema redio haikufika huko. Hivyo ndivyo Kamati ya Jiwe ilivyoundwa. Kamene akawa mwenyekiti. Kiema, aliyechonga mawe kwenye machimbo ya Mlolongo, akawa mshauri, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na uzoefu wa mawe. Ushauri wake wa kwanza ulikuwa kwamba jiwe likishaanza kuteremka usisimame chini yake. Ulipitishwa bila kupingwa.

Wathome alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Mkewe, Mwongeli, alikuwa akichambua maharagwe.

"Baba Ndila, nimesikia umetuletea jiwe."

"Si mimi nimelileta. Nimelitangaza tu."

"Kuna tofauti gani? Hata mauti hatuyajui mpaka uyasome."

Wiki hiyohiyo mwanamke mmoja wa jumuiya yao, Munyiva, alijifungua mtoto wa kiume. Wakamba humpa mtoto jina la jambo lililotokea alipozaliwa, kwa hiyo akamwita Ivia, yaani jiwe. Padri Ndunda alipopelekewa mtoto kubatizwa alifikiri kidogo, akasema Petro pia maana yake ni jiwe. Basi mtoto akabatizwa Petro Ivia, akawa jiwe mara mbili.

Hata kabla Februari haijaisha, redio ikasema wanasayansi wamepima tena, na jiwe litaipita dunia. Uwezekano ulikuwa umeshuka karibu na sifuri. Wathome aliona ni habari njema kuliko zote alizowahi kubeba. Aliitangaza Jumapili kwa furaha, akangoja angalau minong'ono.

Kamene alisimama kwenye benchi lake. "Kamati haijajulishwa," akasema.

Kamati ilikutana chini ya mabati ya duka lake na kukataa habari hizo. Walikuwa wameshachaguana. Walikuwa wameshaamua jinsi ya kuwachagua wale sita. Munyiva alikuwa na mtoto mwenye jina.

"Jiwe haliwezi kughairi hivihivi," Kamene akamwambia Wathome. "Wewe ndiye ulisema linakuja. Sasa unasema haliji. Kesho utasema nini kuhusu harusi ya watu?"

"Wamepima vizuri zaidi, Mwenyekiti."

"Mbona hawakupima vizuri mwanzo?"

Kiema peke yake hakupiga kura. Alisema amewahi kuona jiwe likikataa kuanguka, na halikuulizwa sababu.

Malalamiko yakamfikia Padri Ndunda. Alimwita Wathome sakristia, chumba cha mavazi ya Misa, akamkalisha, akamwambia kwamba kuanzia siku hiyo matangazo yatakuwa ya parokia peke yake.

"Padri, mbinguni si kwetu?" Wathome aliuliza.

"Mbinguni ni kwetu," Padri akasema. "Angani kuna wenyewe."

Wathome alitii. Lakini Misa ikiisha, watu walimngoja langoni, na pale langoni walikuwa wakisikiliza kuliko ndani. Aliwaambia juu ya watoto wa mbwa mwitu waliozaliwa Amerika, ambao kampuni moja ilidai ni wa aina iliyotoweka miaka elfu kumi iliyopita, huku wanasayansi wengine wakisema ni mbwa mwitu wa kawaida waliobadilishwa kidogo. Kamene alihuzunika. "Yatima wa miaka elfu kumi," alisema. "Nani atawafundisha adabu za kwao?"

Mwezi Juni, redio ikaleta jambo jingine. Lile jiwe lililokosa dunia lilikuwa bado na asilimia nne hivi za kugonga mwezi. Wathome hakumaliza hata kukunja kitambaa. Alifunga kibanda akaenda sokoni kwa Kamene.

Kamene aliweka nyanya chini polepole. "Nilijua," akasema. "Kitu kikubwa hivyo hakiwezi kupotea tu."

Kamati ikarudi kazini na Wathome akasamehewa. Mjadala ulikuwa mrefu, kwa sababu haikuwa wazi nani hupelekewa pole mwezi ukiumia. Kiema alisema mwezi umejaa mashimo tayari, na la ziada halitaonekana. Alionywa asiseme hivyo mbele ya wafiwa.

Julai dunia ikazunguka haraka kuliko kawaida, na siku moja ikawa fupi kuliko nyingine zote za mwaka huo, kwa kipande kidogo kuliko kupepesa jicho. Wathome alimweleza mkewe wakati wa chakula.

"Ndiyo maana maharagwe yamekuwa magumu," Mwongeli akasema. Kuanzia hapo chakula kisipoiva, dunia ndiyo ililaumiwa.

Kisha ikaja Septemba. Tarehe saba, siku ya Jumapili, mwezi ungepatwa usiku, na Padri Ndunda mwenyewe ndiye aliyemwomba Wathome atangaze ndani ya kanisa, ili watu wasishtuke. Wathome alitangaza polepole na kwa heshima. Alisema dunia itapita kati ya jua na mwezi, mwezi utakuwa mwekundu, na hakuna atakayeumia.

Saa mbili na nusu usiku lango lake likagongwa. Kamati nzima ilikuwa nje, Kamene mbele akiwa na kanga mabegani.

"Limepiga," akasema.

Juu ya mapaa ya Mumbuni mwezi ulikuwa mwekundu kama udongo wa shamba.

"Halijapiga, Mwenyekiti. Nilitangaza asubuhi. Hicho ni kivuli."

"Kivuli cha nani?"

"Chetu."

"Chetu, nani?"

"Sisi. Dunia yote. Jua liko nyuma yetu, na sisi tumesimama katikati."

Kamene alitazama juu. Kisha akatoa mkono ndani ya kanga, akaunyanyua, akaupunga, akiutazama mwezi kuona kama mkono utatokea pale. Kiema naye akapunga. Munyiva alimnyanyua mtoto Ivia juu ya kichwa. Watu wa nyumba za jirani waliona wenzao wanapunga na wakapunga pia bila kuuliza. Wathome alijua kwamba mkono hauwezi kuonekana kutoka mbali hivyo. Alijua vizuri kabisa. Lakini alipomwona Mwongeli akitoka jikoni akifuta mikono kwa leso, naye akaanza kupunga, aliinua mkono wake juu kuliko wote.

"Ule mrefu ni wako," Mwongeli akamwambia. 

Baada ya usiku ule hakuna ambaye angethubutu kusema kamati ivunjwe. Na kazi ya mwisho ya mwaka ilikuwa imeshaanza kuja. Tangu Julai wanasayansi walikuwa wakifuatilia kimondo chenye mkia kilichotoka nje kabisa ya familia ya jua letu, kutoka nyota nyingine. Kilikuwa cha tatu tu cha aina hiyo kuonekana. Kingepita karibu na dunia zaidi ya wakati wowote tarehe kumi na tisa Desemba, ingawa hiyo karibu yenyewe ilikuwa takriban mara mbili ya umbali wa jua, na kwa macho matupu kisingeonekana.

"Kwa hivyo ni mueni," Kamene akasema, yaani mgeni kwa Kikamba.

"Ni mgeni," Wathome akakubali.

"Na atapita hapa kwetu bila kula?"

Hapo ndipo mapokezi yalipopangwa. Wathome alieleza kwamba mgeni hatasimama, haoni, na ni barafu na vumbi. Kamene akasema amewahi kupokea wageni wabaya kuliko hao. Kiema akatoa mbuzi. Padri Ndunda alikubali kuja kubariki chakula, kwa sharti kwamba atabariki chakula tu.

Tarehe hiyo, siku ya Ijumaa, wakakusanyika nyumbani kwa Wathome mchana, kwa sababu mgeni hupokewa mchana. Palikuwa na muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, nyama na chapati. Kiti kimoja kiliachwa wazi. Ndila alifika kutoka Mlolongo akiwa na begi la Krismasi, amechoka na vumbi, akakikalia kabla ya mtu kumzuia. Kamene alimtazama kwa makini.

"Umetoka mbali?" akamuuliza.

"Sana, mama. Malori yamefunga barabara."

"Basi mpeni chakula," Kamene akasema, na Ndila akala sahani ya kimondo yote, hata mfupa akauvunja.

Wathome alisoma salamu za makaribisho akitazama juu, upande ambao redio ilikuwa imetaja. Mawingu yalikuwa mengi. Alimaliza, watu wakapiga makofi, kisha Munyiva akauliza kama si wakati wa kumsindikiza mgeni wa angani, kwa sababu mwenye safari hacheleweshwi.

Wakatoka wote. Kiema aliuliza wamsindikize mpaka wapi, Wathome akasema mpaka lami. Wakashuka njia ya udongo wakizungumza polepole, kama watu wanaosindikiza, wakiacha nafasi kidogo katikati ya njia. Padri Ndunda, aliyekubali kubariki chakula tu, alikuwa nyuma akiwa na kipande cha chapati.

Kwenye lami wakasimama. Lori la kokoto likapita. Kamene akasema amani na safari njema, asalimie watu wa kwao. Kisha kila mmoja akamgeukia Wathome, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na maneno.

Wathome alitazama mawingu, akafikiria yote aliyoyasikia redioni mwaka ule.

"Haya," akasema. "Na mwingine akija, tutaambiwa."

Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kudondoka, na Mwongeli akakumbuka kwamba ameacha mahindi nje.