Togwa ya Palizi

Juzi, nikitoka Ilongero kwa bodaboda, niliona majirani wakimpalilia mwenzao shamba, na ndoo ya togwa ikiwasubiri kivulini. Harufu ya uwele uliochachuka ilinirudisha kwenye mchana mmoja wa utotoni.

Mama alikuwa ndani, anatetemeka kwa malaria, na magugu yalikaribia kuumeza uwele wetu. Kwa hiyo baba alipika togwa mwenyewe, akawaita majirani. Walikuja na majembe, wakiimba. Niliamini kabisa kwamba ni sherehe.

"Shemeji, hii ni togwa au ugali?" jirani yetu Mama Salome alimtania baba.

"Kunywa tu. Maji hayapalilii shamba."

Jioni, tumbo likiwa limejaa, nilimfuata mama kitandani. "Mama, wiki ijayo uumwe tena."

Alicheka hadi akakohoa. Sikujua kwamba togwa ile ilipikwa kwa akiba yetu ya mwisho ya uwele, chakula cha kutufikisha kwenye mavuno.

Shamba lilipona, na mama pia. Kisha akaanza kwenda vibarua vya palizi kwenye mashamba ya watu, ili tupate unga. Nami nilinuna kila asubuhi, nikidhani anakwenda kwenye sherehe bila mimi.