Siku Niliyomfundisha Ma Adelina Kuwashwa

Mkasa huu mke wangu anaujua nusu tu, nusu nyingine nilimficha, ila kwa kuwa leo kila mmoja wenu ametoa aibu yake basi nami nitoe yangu, mradi mkicheka mcheke taratibu, maana mimi ni tabibu wa zahanati, nina heshima zangu huko Kimwani, na watu huniita Dokta Deo (sijawahi kuwakatalia).

Tuliitwa Bukoba, matabibu na madaktari wachanga wa wilaya kadhaa, kwa mafunzo ya wiki moja ya magonjwa ya ngozi. Mkufunzi wetu alikuwa daktari bingwa wa ngozi, mama wa makamo, mfupi, wa maneno machache, na barua ya mwaliko ilisema kwamba siku ya tatu kila mmoja aje na mgonjwa aliyemtibu asipone. Mtu mwenye akili zake angemchukua mgonjwa aliyemshinda kweli, akasema wazi kwamba ameshindwa, akafundishwa. Mimi nikachagua mgonjwa wa kunipamba.

Nilimchagua Ma Adelina, jirani yetu, mjane, kibanja chake cha migomba kimepakana na cha kwetu, na nilipokuwa mdogo nimekula kwake mara nyingi kuliko nyumbani. Alikuwa na baka lililopauka chini ya kiwiko cha mkono wa kulia. Nilikuwa nimempa dawa ya fangasi ya kupaka, nikabadilisha nikampa nyingine, nikabadilisha tena, mwaka mzima na zaidi, na baka halikuondoka. Nikapanga nisimame mbele ya watu niseme “fangasi sugu”, nitaje dawa zote kwa majina yake marefu, wenzangu waandike. Kasoro ilikuwa moja tu: fangasi huwasha, na baka la Ma Adelina halikuwasha hata chembe.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Asubuhi, tukiwa nje ya ukumbi tunasubiri kuitwa, nikamwinamia nikamwambia, “Ma, wakikuuliza kama linawasha, wewe sema linawasha.”

Akaniangalia. “Lakini haliwashi, mwana wange.”

“Najua, Ma. Ni namna yetu madaktari, ili waelewe haraka.” (Namna yetu madaktari. Mungu anisamehe.)

Akasema sawa, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma.

Zamu yangu ikafika. Nikamkalisha Ma mbele, amevaa kitenge chake cha kanisani, nikaanza kumwaga maneno, na nilipoona watu wanasinzia nikaona niwachangamshe kidogo, nikasema huyu mnayemwona ni mama shupavu, huepua sufuria ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, jikoni kwa mkono mtupu, hashiki kitambaa wala jani la mgomba, na kijijini tunamsifu kwa hilo. Watu wakacheka, na Ma mwenyewe akatabasamu kwa fahari. Mkufunzi hakucheka. Aliweka kalamu chini, akainuka, akaja.

Hakuuliza habari za dawa zangu hata moja. Alichomoa kipande cha pamba, akakisokota ncha, akamwomba Ma afumbe macho na kila atakapoguswa aoneshe kwa kidole. Akaanza na mkono wa kushoto, na Ma alionesha kila mahali bila kukosea, hata ile pamba ilipopita kwa wepesi ambao mimi nisingeuhisi. Kisha akahamia mkono wa kulia, katikati ya baka. Pamba ikagusa, Ma katulia. Ikagusa pembeni, ikagusa juu, ikagusa chini, sote tumekodoa macho, na Ma Adelina kakaa pale ameyafumba ya kwake, uso hauna wasiwasi wowote, anasubiri. Mwishowe akauliza kwa upole, “Dokta, bado upo?”

Mwili ulinisisimka kuanzia kisogoni. Nimesoma vitabu, nimefaulu mitihani, nina kabati lenye dawa na kipimo cha presha, na kumbe kilichohitajika mwaka wote ule kilikuwa pamba kidogo na mtu asiye na haraka. Nilimtazama yule mama mfupi nikahisi kama niko kanisani.

Ningetamani yaishie hapo. Mkufunzi akamuuliza Ma, “Hapa panawasha?”

“Panawasha,” akajibu, kwa sauti ya mwanafunzi aliyekariri.

“Sana?”

Ma akafumbua jicho moja, akanitafuta. “Dokta Deo, sana au kidogo?”

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, kuna tabibu mmoja wa Kanazi alitoka nje kabisa akacheke vizuri, na mimi jasho linanitiririka hadi kwenye soksi. Nikasema moyoni, ardhi ifunguke tu.

Mkufunzi alisubiri wanyamaze. Kisha akampa Ma karatasi aibane kati ya kidole cha mwisho na cha pete, akaivuta, ikachomoka kirahisi. Akaushika mkono wangu mimi, akauweka nyuma ya kiwiko cha Ma, na chini ya vidole vyangu nikausikia mshipa wa fahamu umevimba, mgumu, unateleza. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kidole hicho kikiwa kimelegea karibuni kuna dawa za kukiokoa, ila kikiwa na muda mrefu kitajikunja kisinyooke tena. Akamgeukia Ma. “Mama, kidole hiki kilianza kulegea lini?”

Ma Adelina akanitazama mimi.

Hakuna aliyecheka safari hii. Alikuwa ananingoja nimwambie aseme nini, na kidole ni chake. Nikapiga magoti mbele yake (kwetu wanawake ndio hupiga magoti wakisalimia, mwanamume kufanya vile watu husema amerogwa), nikamwambia, “Ma, mimi sijui. Anayejua ni wewe.”

Akafikiri. “Msimu wa senene,” akasema. “Nilikuwa nawanyonyoa mabawa, kidole kikakataa.”

Mkufunzi akahesabu miezi, akashusha pumzi. “Basi hatujachelewa.”

Jina la ugonjwa hakulitaja mbele ya watu. Alinivuta pembeni akasema, “Ni ukoma, unatibika. Wewe ndiye daktari wake, kamwambie.” Nikampeleka Ma kwenye benchi la nje, nikamweleza kwa Kihaya, polepole, kwamba vidonge vipo, ni vya bure, na akishaanza kuvinywa hamwambukizi mtu. La kwanza aliuliza wajukuu zake. Nikamwambia tutawaangalia wote. Kisha akaupapasa ule mkono, akasema, “Mwaka huu wote nilitaka kukwambia mkono umekufa ganzi, ila kila nikija nakukuta una haraka, nikasema nisimsumbue mtoto wa watu.”

Jamani, kile kicheko cha ukumbini hakikuniuma hata robo ya hapo.

Vidonge alivimaliza, wajukuu tuliwapima wakakutwa salama, na kidole kimerudi karibu chote, anamenya ndizi vizuri tu. Mimi nimeapa sitamtilia mgonjwa maneno mdomoni tena, hata kama anakosea, hata kama foleni imefika barabarani. Ila katikati ya lile baka fahamu haijarudi, na mkufunzi alishaniambia huenda isirudi. Kila mwezi napita kwa Ma kumpima, namgusa pale namuuliza kama anasikia, na yeye hunijibu ukweli, hata siku ninazotamani anidanganye.