Changarawe, Chumvi na Mafuta ya Nazi

Niseme mapema: mimi si mtu wa kushangazwa. Nimezaliwa katika nyumba ya makuti, nimeishia darasa la tano, na leo nina duka langu la vipuri na nyumba ambayo kila tofali nililipia mwenyewe. Miaka ile mawakala walipokuwa wakizoa madereva Kenya kama watu waokotao korosho, nilikwenda Saudia. Nikaanza Riyadh, kubeba vyakula vya mkahawa mmoja wa mtaa wa Al-Sulimaniyah, kisha nikapata bosi wa Jeddah, nyumba ya mtaa wa Aziziya. Niliyoyaona huko ningeweza kuyasimulia mpaka kesho. Lakini siku bosi alipofungua sanduku refu pale gerejini, ikatoka harufu ya raba mpya na grisi, nilisimama na funguo za gari mkononi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Ndani mlikuwa na baiskeli yenye matairi manene ya vijino. Bosi alikuwa ametoka likizo kwenye bahari ya Mediterania. Akanionyesha kwenye simu alikokuwa: hifadhi ya pwani, njia nyeupe za changarawe zikipanda na kushuka kati ya misonobari, bahari chini kabisa, na watu wazima wenye mvi na pesa zao wakitokwa jasho kwa hiari. Nikamwuliza kama wanalipwa. Alicheka mpaka akakaa chini.

Acha acheke. Njia ile mimi niliijua. Ondoa misonobari, weka mikoko na vichaka vya miiba, na hapo ndipo nilipokuwa kiangazi kile baba alipochomwa na msumari, mguu ukavimba. Kwetu ni kaskazini ya Malindi, ambako bahari huingizwa katika mabwawa mapana ikakauka kuwa chumvi. Baba alikuwa akiwapelekea mikate vibarua wa chumvi, na njia yake ya mkato ilipita katika hifadhi, juu ya changarawe ya matumbawe iliyopondwa, nyeupe mpaka inaumiza macho. Ilikuwa ikilia chini ya tairi, kra kra kra, kama mtu anayetafuna mifupa ya samaki. Mguu ulipokataa kupona, mimi mwana wa kwanza nikapewa baiskeli. Sikufika kwenye kiti. Nilipitisha mguu chini ya chuma cha kati, nikaendesha nikiwa nimepinda upande kama kaa, kreti la mikate nyuma, harufu ya mkate wa moto ikinisindikiza na tumbo likininung'unikia njia nzima. Nilianguka, nikainuka, nikapangusa mikate mchanga na kuigeuza upande wa chini juu. Vibarua walinipigia kelele, "Mwambie babako mikate yake siku hizi ina meno!" lakini walinunua, kwa sababu hakuna mwingine aliyefika kule. Shule ilipofunguliwa mimi nilikuwa njiani na mikate, na hakuna aliyeniita nirudi.

Kazi yenyewe haikuwa kupiga pedali. Kazi ilikuwa chumvi. Upepo wa mabwawa yale hula chuma usiku na mchana; ukilaza baiskeli bila kuitunza, asubuhi unakuta imeota kutu kama mkate ulioota ukungu. Kila jioni baba alikaa kizingitini, mguu wake umelazwa juu ya kigoda, akanisimamia. Nilikuwa na unyoya wa kuku na kikombe cha mafuta ya nazi. Nifute kwanza kwa kitambaa, halafu nipake. Cheni, pedali, vyuma vya breki, keria, kila kilicholia na kila kilichoanza kubadilika rangi. "Chuma kikilia kina kiu," aliniambia, "kinyweshe." Rimu peke yake hakutaka niiguse, maana ndipo raba za breki zinapobana. Alikuwa mkali kwa hilo kuliko jambo lolote. Mpaka leo mkono wangu unajua: paka kote, acha rimu. Mwisho wa kiangazi baiskeli ile ilikuwa kimya kabisa, unasikia changarawe tu. Wako watu waliosoma hadi chuo ambao hawajawahi kutunza kitu hivyo.

Basi nilipomweleza bosi habari hizo, sikumwomba kitu. Nilimwambia tu kwamba nimezaliwa juu ya baiskeli. Akaniambia nipande, nizunguke uani. Nikazunguka, nikaachia mikono yote miwili. Akapiga makofi. "Halas," akasema, yaani basi, neno limekwisha, "kiangazi kijacho tunakwenda wote. Utaendesha gari la mizigo, na siku nyingine utapanda na mimi." Nilimwangalia usoni nione kama anatania. Hakuwa akitania. Alinipeleka yeye mwenyewe mpaka Riyadh kwa ajili ya viza, nikabonyeza vidole kwenye kile kioo cha kuchukulia alama, na pasipoti yangu, ambayo sikuwa nimeishika tangu niingie nchi ile, ikarudi ikiwa na karatasi mpya ndani. Dada Rehema, msichana wa Mombasa aliyekuwa akipika na kulea watoto pale nyumbani, alinipokea jikoni kwa vigelegele vya chini chini, madam asisikie.

"Kaka Katana! Wenzio twaja Saudia kufua masoksi, wewe wapelekwa Ulaya ukacheze baiskeli?"

"Kila mtu na kipaji chake, dada."

"Kipaji gani? Tumbo hilo litapita kwenye milima?"

"Hili tumbo ndilo la kuteremkia."

Nilicheka naye, lakini moyoni sikuwa nikicheka. Nilitaka kuiona njia ile. Nilitaka, mara moja katika maisha yangu, nipite kwenye changarawe ya pwani bila kreti nyuma, bila mtu anayesubiri mikate, nisimame ninapotaka, nitazame bahari kama mwenye nayo. Sijawahi kutaka kitu namna hiyo, hata nyumba yangu sikuitaka hivyo.

Wiki ya kuondoka ilipokaribia, bosi akataka mazoezi. Tulikwenda nje ya mji, kaskazini, kwenye njia ya mawe madogo inayofuata bahari. Yeye akaendesha, mimi nikamfuata kwa gari. Upepo ulikuwa ule ule wa kwetu, una chumvi, unanata midomoni. Aliporudi baiskeli ilikuwa ikilia. Si cheni, ni ule mlio mkali, kama paka aliyekanyagwa mkia. Jioni nikaigeuza juu chini gerejini. Nikatafuta breki mahali breki zinapokaa, kwenye rimu. Hakuna. Nikasema, hizi za kisasa zimefichwa ndani. Katikati ya kila gurudumu palikuwa na kisahani cha chuma chembamba chenye matundu, kimepauka kwa chumvi, na ndicho kilichokuwa kikilia. Nikamwomba Rehema mafuta ya nazi aliyokuwa akipaka nywele. Nikafuta, nikapaka, nikazungusha. Kimya. Rimu sikuigusa hata kidogo. Nililala nikijiona fundi.

Asubuhi bosi akashuka nayo kwenye mteremko wa gereji, akabana breki kwa mikono yote miwili, na baiskeli haikusimama. Ilikwenda moja kwa moja hadi kwenye nguzo ya lango. Nilimkuta ameketi chini, kiwiko kinatoka damu, gurudumu la mbele limekunjika kama chapati.

"Umefanya nini?"

"Bosi, ilikuwa ikilia. Nimeinywesha mafuta."

Akagusa kisahani, akanusa kidole. "Katana! Hii ndiyo breki!"

"Bosi, breki gani ya katikati? Kwa nini mtu aweke breki katikati?"

"Halas," akasema, akiinuka. "Halas. Mafi safari." Kwa Kiarabu cha kule: hakuna safari.

Sikubali mpaka leo. Hakuna aliyenieleza. Mtu anatengeneza breki inayofanana na gia, anaificha katikati ya gurudumu, chumvi inaikaanga mpaka inapiga kelele, halafu anayeinyamazisha ndiye mjinga? Bosi aliondoka na dereva wa nduguye, mtu ambaye hata kusukuma baiskeli hajui, na Rehema ndiye aliyenionyesha picha zao: njia nyeupe, misonobari, na yule bwana amesimama kando ya gari akila aiskrimu. Viza yangu ikaisha ikiwa ndani ya droo ya bosi. Kiangazi kile cha mikate nilipanda changarawe ya pwani kila siku ya Mungu, nikalipia kwa ngozi ya magoti na darasa la sita, na sikudai kitu kwa mtu. Hii ya Mediterania, ambayo tairi langu halikuikanyaga hata hatua moja, visahani viwili, raba zake, gurudumu na ufundi, ilikatwa kwenye mshahara wangu mpaka ikakamilika: riyali elfu mbili mia tatu na arobaini.