Kokoto za Maji ya Bibi

Wiki iliyopita daktari aliniuliza swali ambalo limeninyima raha mpaka leo. Nilimpelekea miguu inayowaka moto, yeye akauliza kama sisimizi hukusanyika pale ninapokojoa. Nikamwambia ndiyo, kisha nikainuka kitini kabla hajamaliza kuandika neno sukari, maana nilikuwa nimemkumbuka Bibi.

Utanivumilia, rafiki yangu. Siku hizi situlii. Nikiinjika chungu naelekea mlangoni, nikifika mlangoni sijui nilifuata nini.

Tulikaa Nkuhungu, wakati huo tembe chache na mazizi, Mjerumani akiwa bomani. Baba alichukuliwa kwenda kubeba mataruma ya reli, tukabaki mama, mimi na Bibi mzaa baba. Nilikuwa na miaka kama tisa. Asubuhi niliamshwa na mlio wa jiwe la kusagia uwele, na kabla mlenda haujachemka nilishatumwa maji. Kiangazi korongo lilikauka, tukawa tunachimba mchanga mpaka shimo limfiche mtu mzima. Nilishuka humo na kata, nikasubiri maji yajikusanye kidogo kidogo. Kujaza kibuyu kimoja kulinimalizia nusu ya siku, na nilikuwa mvivu, nisikufiche.

Bibi alikuwa ameanza kusahau. Aliniita kwa jina la shangazi. Alimtolea jirani salamu yetu ya "Mbukwa" mara tatu kabla jirani hajalipita zizi. Tena alikunywa maji bila kukata kiu, huku anakonda. Nyuma ya tembe, alikokwenda kujisaidia, sisimizi walijaa, na mama akaamini kwamba anaiba togwa na kuimwaga huko.

"Mama jamani, togwa ya wageni hiyo!" alilalamika.

Bibi alicheka, akaapa hajaigusa. Siku ya pili alishasahau kwamba alishtakiwa.

Ugonjwa wake tulikuwa tunaujua mmoja tu, kusahau, nao tukaubebesha kila kitu: kiu, macho yaliyoingia ukungu, kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Akiomba maji tulisema amesahau kuwa ameshakunywa. Basi mama akatunga mpango wake. Kila Bibi akinywa, niweke kokoto moja kando ya kigoda chake, na zikifika tano yatosha mpaka kesho. Ugomvi ukaisha, kwa sababu Bibi hakukiamini tena kichwa chake lakini kokoto aliziamini.

Siku moja jua lilikuwa kali na wenzangu walikuwa wananiita tukacheze. Kibuyu kilibaki na maji ya kupikia tu. Bibi akiomba, lazima nirudi korongoni. Alikuwa amesinzia. Nikaongeza kokoto mbili juu ya zile tatu, taratibu, zisigongane.

Alipozinduka aliomba maji, nikamwonyesha. Alizipapasa moja moja kwa kidole, midomo yake imekauka hadi imepasuka.

"Kumbe nimekunywa, mjukuu wangu," alisema. "Basi ni ulimi tu unanidanganya."

Nikakimbilia kucheza. Kesho yake nilifanya vilevile, na siku nyingi baada ya hapo. Mvua za mwaka ule hazikumkuta. Baba aliporudi kutoka relini alikikuta kigoda kitupu, akaniuliza hizi kokoto ni za nini. Nikamwambia za kuchezea. Naona aibu hata kukuandikia, na mama alizikwa bila kujua.

Tembe ile haipo sasa. Jiwe la kusagia sijui lilikwenda wapi, na kando ya korongo watu wamejenga. Maji yanatoka bombani, uani kwangu, hatua kumi tu kutoka jikoni. Jana nilikinga kikombe, nikakimaliza, nikarudi kukinga kingine. Mjukuu wangu akainua kichwa kutoka kwenye daftari lake.

"Bibi, si umekunywa sasa hivi?"

Sikukumbuka. Nilisimama na kikombe changu mkononi, koo limekauka, nikawa natazama sakafuni kutafuta kokoto.