Kiti Kisiachwe Tupu

Na msiniambie tena, "Lakini si amekaa tu, kazi gani hiyo ya kulalamikia?" Kukaa! Hebu kaa wewe. Kaa tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi, matiti yamejaa, mwanao analia nje ya ukuta na unamsikia, halafu uje unieleze.

Ninayemsema ni dada yangu. Aliajiriwa kufanya usafi kwenye jumba la maonyesho ya sanaa. Mikono yake haijui kutulia; nyumbani akikosa kazi anakunja upya nguo zilizokwisha kunjwa. Ana mtoto wa miezi minne, mbishi kama mjomba wake: chupa hataki, kijiko anakipiga teke. Anataka titi la mama, basi. Kwa hiyo tulikubaliana: saa sita namleta getini, dada anatoka nusu saa, ananyonyesha, anarudi kwenye ufagio wake.

Kisha kikaja kiti. Msanii mmoja kakiweka katikati ya chumba cha tatu, kiti cha mbao tu, na ukutani kaandika: KAA HAPA. USINYANYUKE MPAKA MTU MWINGINE AKUBALI KUKAA BADALA YAKO. Yaani wageni wapokezane, ndiyo sanaa yenyewe. Siku ya ufunguzi walipokezana vizuri. Siku ya pili wakasoma, wakacheka, wakapita. Meneja akaona aibu kiti kuwa kitupu. Akamwita dada: "Mama, hebu kaa hapo kidogo, mpaka aje mgeni."

Hicho kidogo kina wiki tatu sasa, na hata saa sita meneja hamruhusu kuinuka.

Maana wageni wakimkuta pale na sare yake, wanadhani yeye ndiye maonyesho. Wanamzunguka. Siku moja mzee fulani alimwinamia usoni, akamuuliza mkewe, "Huyu ni mtu kweli?"

"Mtu kweli, baba," dada akamjibu. "Kaa basi, nikaende chooni."

Mzee akaruka nyuma kama kaona nyoka. Mkewe akacheka mpaka akashika ukuta, wakaenda zao.

Juzi nikachoka kusimama getini na mtoto anayelia. Nikampita mlinzi, mtoto begani, hadi chumba cha tatu. Dada kakaa, kifua cha sare kimelowa maziwa, kafumbata mikono kukificha. Vijana wawili wanampiga picha.

"Inuka, dada. Nakaa mimi."

"Meneja je?"

"Kwani mgeni haruhusiwi? Mimi ni mgeni. Chukua mtoto."

Akakimbilia stoo ya mifagio. Nikakaa. Jamani, dakika kumi tu nilikuwa nimehesabu vigae vyote vya sakafu, na kila aliyepita nilimwonea wivu miguu yake. Wale vijana nikawaambia, "Pigeni picha nyingine, hizo simu mtazimeza." Wakatoka. Kumbe walikwenda kunishtaki.

Meneja akaingia na mlinzi. "Huyu nani?"

"Mdogo wake yule mama wa usafi," mlinzi akasema.

"Basi si mgeni huyo. Mtoe, na asiingie tena."

Dada akaitwa kabla mtoto hajahamia titi la pili. Akanikabidhi, akakaa.

Nikafungua mdomo nimpe meneja zake. Dada akanivuta shati. "Usigombane, mdogo wangu," akasema chini chini. "Wakinifukuza, sote tutanyonya nini?"

Nikambeba mtoto begani, nikatoka.

Sasa maziwa yameanza kupungua. Nesi kasema wazi, titi lisiponyonywa linakauka, na mtoto huyu hana kingine anachokubali. Maonyesho yamebakiza wiki tano, na mimi nikionekana tu getini mlinzi anasimama.

Lakini wewe hakujui. Kuingia ni bure. Njoo kesho kabla ya saa sita, nenda moja kwa moja chumba cha tatu. Simu iache mfukoni. Mwambie yule mama ainuke, ukae wewe.