Wimbo wa Baba Uliobaki kwenye Diski

Tik, tik, tik, tok. Hivyo ndivyo kompyuta ya baba ilivyokuwa ikihesabu kabla wimbo haujaanza. Hadi leo nikisikia mfereji unadondosha maji mahali, kifua changu hungoja sauti nne ziingie.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya kule Kosele. Nyimbo zake alizitungia ndani ya programu moja ya zamani: anapanga noti kwa kipanya, anabonyeza, mashine inaimba. Mimi nilikaa kando yake juu ya debe lililopinduliwa, nikijiona tayari niko jukwaani na gauni refu. Alipotutoka aliacha wimbo mmoja ambao hakuwahi kuwafundisha wanakwaya. Halafu radi ikaipiga ile kompyuta, ikabaki diski tu. Mama akaniambia jambo moja: siku ya ukumbusho anataka kumsikia baba tena.

Mimi nafanya kazi saiba, duka la intaneti, huku Migori. Shule niliishia kidato cha pili. Kompyuta nilizijua kwa kuzisumbua. Bosi wangu, ambaye kwao ni Garissa, alishachoka na virusi vya flashi za wateja, akaweka mfumo wa Linux kwenye mashine zote. Akanipa laptopu moja iliyozeeka, betri yake dhaifu, nimpelekee mama. Nikahamishia humo vitu vya baba, nikabonyeza programu yake. Ikakataa. Ilikuwa imetengenezewa mfumo mwingine kabisa, na kerneli, yaani ule moyo wa mfumo unaoamua ni programu gani iendeshwe, haikuitambua.

Ningeweza kuiendesha kwa kuandika amri, nikipitia programu nyingine inayofanya kazi ya mkalimani. Lakini mama haandiki amri. Mama anabonyeza. Kwa hiyo nilitaka kerneli yenyewe ijue: ikikutana na faili la programu linaloanza na herufi M na Z, alama ya programu za mfumo ule wa baba, isilifukuze, imwite mkalimani. Sehemu ya kufanya hivyo ilikuwa imezimwa, ikabidi niiwashe na kuijenga kerneli upya. Mashine ilijikokota siku nzima, feni inalia kama posho mill inayosaga mahindi. Bosi akapita akacheka.

"Binti, unapika githeri humo?"

Nikamwambia ni mambo ya marehemu baba. Akaacha kucheka, akaniletea chai.

Programu ilipofunguka kwa kubonyeza tu, nilirukaruka hadi wateja wakageuka. Wimbo wenyewe sikuucheza. Huo nilitaka tuusikie pamoja na mama.

Siku hizi mama anaishi Homa Bay, anauza omena, wale dagaa wa ziwani. Siku ya ukumbusho niliibeba mashine ikiwa imelala tu, bila kuizima, na nilipofika alinawa mikono mara mbili, akavaa leso safi, akaketi mbele ya mashine kama mtu aliyeitwa ofisini. Nikamwonyesha pa kubonyeza. Tik, tik, tik, tok. Soprano ikaingia, alto ikafuata, kisha teno. Mama aliinamisha kichwa, akangoja. Wimbo ukaisha. Akabonyeza tena, akangoja tena.

"Nyara," akaniuliza kwa Kijaluo, yaani binti yangu, "na yeye yuko wapi?"

Nilitafuta mstari wa besi, ile sauti ya nne, kwenye kioo. Ulikuwepo, mtupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndipo nilipoelewa. Kwaya ya Kosele ilikuwa na mwimbaji mmoja tu wa besi, na ndiye aliyekuwa ameshika kipanya. Besi hakuiandika kamwe. Aliiimba hapo hapo, juu ya mashine. Mimi kwenye debe langu nilisikia sauti nne, nikakua nikiamini zote zilitoka ndani ya kompyuta. Moja ilikuwa inatoka kifuani mwake. Na wimbo huu, mbali na mimi, hakuna mwingine aliyewahi kumsikia akiuimba.

Nikamwonyesha mama ule mstari mtupu. Stima ikapotea, betri nayo ikaisha. Iliporudi niliwasha mashine, mama akabonyeza mwenyewe, na mashine ikajibu kwamba haiwezi kuendesha faili hilo. Kumbe yale niliyoielekeza kerneli hufutika mashine ikizimika, mpaka uyaandike pia kwenye faili ambalo husomwa kila inapowaka. Hilo sikulijua. Nilianza kueleza, mama akainua mkono.

"Kwa hivyo hata hao watatu wameenda," akasema. Akatoka kwenda kuanua omena.

Nilibaki peke yangu na mashine. Nilitafuta kwenye simu mpaka nikapata faili linalotakiwa, nikaandika ule mstari mmoja: M na Z, na jina la mkalimani. Nikaizima, nikaiwasha tena nione kama itakumbuka. Nikabonyeza wimbo.

Tik, tik, tik, tok. Mimi huimba hata nikiosha sufuria. Safari hii nilifunga mdomo mpaka ukaisha, nikiiachia besi yake nafasi.